Kumbukumbu ya Marubani Wawili Vijana
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimepewa heshima ya kusema nanyi jioni hii habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yaweza kutufaa sisi tunaokula jasho la kalamu. Nimemchagua kijana aliyefariki akiwa na umri wa miaka 19 na nusu. Alikuwa rubani wa ndege za vita, lakini hakuuawa na adui. Alikufa katika mazoezi, juu ya mashamba ya Uingereza, mnamo saa tano na nusu asubuhi, tarehe 11 Desemba 1941. Jina lake John Gillespie Magee. Katika ajali ile ile alikufa kijana mwingine wa umri wa miaka 19, ambaye hutajwa kwa nadra sana. Nia yangu ni kuwakumbuka wote wawili, na kutazama pamoja nanyi kwa nini mmoja wao ajulikane duniani na wa pili asijulikane.

Magee alizaliwa Shanghai, katika nchi ya China, tarehe 9 Juni 1922, akiwa mkubwa katika wana wanne wa kiume. Baba yake alikuwa Mmarekani na mama yake Mwingereza, nao wote wawili walikwenda China kwa kazi ya misheni. Habari ya baba huyo haifai kupitwa, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Desemba 1937, majeshi ya Japani yalipouteka mji wa Nanking, wageni wengi walikuwa wamekwisha kuukimbia. Mchungaji Magee alibaki. Aliongoza kamati ya Msalaba Mwekundu mjini humo, akawahifadhi wakimbizi, na kwa kamera ndogo ya sinema akapiga picha za watu waliojeruhiwa na waliouawa, ili jambo lile lisije likakanushwa. Baada ya vita, mwaka 1946, aliitwa Tokyo kutoa ushahidi mbele ya mahakama ya kimataifa, naye akasema aliyoyaona. Kwa hiyo yule kijana alizaliwa katika nyumba ya watu waliojua thamani ya kuandika na kuhifadhi.

Mwana mwenyewe alipelekwa Uingereza mwaka 1931 kusoma, na mwaka 1935 akaingia katika shule ya Rugby. Hapo alipenda mno mashairi, hasa ya Rupert Brooke, mshairi aliyesoma shule hiyo kabla yake. Brooke alipata tuzo ya ushairi ya shule mwaka 1905. Magee naye akaipata mwaka 1939. Nawaomba muliweke moyoni jina la Brooke, kwa sababu naye alikwenda vitani wala hakufa kwa risasi. Aprili 1915, akiwa safarini kuelekea Gallipoli, aliumwa na mbu, jeraha likaingia sumu, akafa melini, akazikwa katika kisiwa cha Skyros. Magee alimtungia shairi la kumsifu. Hakujua kwamba naye atafuata njia iliyofanana na ile.

Mwaka 1939 Magee alikwenda Marekani kuwatembelea jamaa zake. Septemba vita vikazuka, njia ya kurudi Uingereza ikafungwa kwake, akamalizia masomo yake katika jimbo la Connecticut. Mwaka uliofuata alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu cha Yale, pamoja na msaada wa ada. Ndugu zangu, wengi wetu twajua ni milango mingapi hufunguliwa na nafasi kama hiyo. Yeye aliiacha. Oktoba 1940, akiwa na miaka 18, alivuka mpaka akaingia Jeshi la Anga la Kanada, wakati nchi yake Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani.

Yafaa nieleze kidogo jinsi marubani walivyofundishwa siku zile. Tarehe 17 Desemba 1939, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand zilitia sahihi mapatano ya kufundisha wanahewa pamoja, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ikawekwa Kanada. Sababu yake ni wazi: Kanada ilikuwa na nafasi tele, tena ndege za Wajerumani hazikuweza kuifikia. Mpaka mpango huo ulipofungwa Machi 1945, wanahewa 131,553 walikuwa wamehitimu humo. Wanafunzi walianza kwa masomo ya darasani, wakafuata ndege ndogo zenye mwendo wa pole, kisha wakapandishwa katika ndege zenye nguvu zaidi. Mwalimu alikaa pamoja na mwanafunzi, na kila mmoja wao alikuwa na usukani wake, hata mwalimu akaridhika kwamba mwanafunzi aweza kuachiwa peke yake.

Magee alifundishwa katika jimbo la Ontario, akapata nishani ya mabawa Juni 1941. Kisha alivuka bahari mpaka Uingereza, akapelekwa Llandow, katika nchi ya Wales, kujifunza ndege iitwayo Spitfire. Ndege hiyo ilikuwa na kiti kimoja tu. Mwalimu aliweza kueleza yote akiwa amesimama chini, lakini siku mwanafunzi alipoirusha kwa mara ya kwanza, alikuwa peke yake na Mungu wake. Kijana aliyezoea ndege za pole alikabidhiwa chombo chenye mwendo wa maili zaidi ya 300 kwa saa, chenye pua ndefu iliyomzuia kuona mbele ilipokuwa chini.

Ilikuwa katika siku hizo za mafunzo, Agosti 1941, Magee alipopanda juu sana, mpaka futi zipatazo 30,000, na huko akashikwa na furaha kubwa. Akaanza kutunga shairi akiwa angani, akalimaliza mara baada ya kutua. Ni shairi la mistari 14, naye aliliita High Flight, yaani Kuruka Juu. Hakulipeleka kwa mpiga chapa ye yote. Aliliandika nyuma ya barua aliyowapelekea wazazi wake, ya tarehe 3 Septemba 1941, kama mwana anayewaambia wazee wake kwamba kazi aliyoichagua imempendeza. Shairi lenyewe halitaji vita wala adui. Lasema tu habari za raha ya kuruka, na jinsi mtu awezavyo kujiona yu karibu na Muumba wake akiwa mbali na ardhi.

Mwezi huo huo wa Septemba akaingia kikosi cha Kanada nambari 412, kilichokuwa Digby katika wilaya ya Lincolnshire, na baadaye kikahamia Wellingore, karibu na hapo. Tarehe 8 Novemba kikosi chake kilitumwa kusindikiza ndege za mabomu zilizokwenda Lille, Ufaransa, kupiga karakana za reli. Wajerumani wakawashambulia. Katika kundi la ndege nne alimokuwamo, wenziwe watatu wote walianguka, pamoja na mkuu wao. Alirudi yeye peke yake. Ingekuwa ni hadithi ya kutungwa, mtungaji angemwacha aishi baada ya hapo. Lakini vita vilimrudisha salama, na mazoezi yakamchukua baada ya mwezi mmoja na siku tatu.

Asubuhi ya tarehe 11 Desemba kikosi kilikwenda kujizoeza kuruka kwa makundi. Wakati wa kurudi, mawingu yalikuwa yametanda chini yao. Wakaona tundu katika mawingu, wakashuka kupitia hapo kwa kasi. Katika mashuko hayo, kama futi 1,400 kutoka ardhini, karibu na kijiji cha Roxholme, ndege ya Magee iligongana na ndege ya mafunzo ya aina ya Oxford iliyokuwa imetoka Cranwell. Mkulima mmoja aliyekuwa akitazama alishuhudia kwamba alimwona rubani wa Spitfire akipambana kukisukuma kifuniko cha kioo, kisha akasimama na kuruka. Lakini alikuwa amekwisha kufika chini mno. Mwavuli wake haukupata nafasi ya kufunguka. Alizikwa Scopwick, kijiji cha jirani. Siku ile ile aliyokufa, Ujerumani na Marekani zilitangaziana vita. Nchi yake ikawa imemfuata katika jambo alilolitangulia kwa zaidi ya mwaka mzima.

Na yule wa pili? Katika ndege ya Oxford alikuwamo Ernest Aubrey Griffin, mwanafunzi wa urubani, mwenye umri wa miaka 19. Naye aliamka asubuhi ile, akapewa zoezi lake, akapanda. Ndege yake ilikuwa ya injini mbili, iliyotumika kuwafundisha wale ambao baadaye wangeendesha ndege kubwa. Naye pia alikufa. Hakuacha shairi lililojulikana. Watu waelezapo ajali hii, aghalabu husema tu kwamba Magee aligongana na ndege nyingine, kana kwamba ndege hiyo ilikuwa ikiruka bila mtu ndani yake.

Sasa tazameni mambo ya yule wa kwanza yalivyokwenda. Baba yake alikuwa wakati huo akihudumu katika kanisa la St. John mjini Washington, na lile shairi lililokuja nyuma ya barua likaanza kuchapishwa katika magazeti. Archibald MacLeish, Mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi, aliliweka katika maonyesho ya mashairi katika maktaba hiyo Februari 1942. Barua yenyewe imehifadhiwa humo. Julai 1966 mwanaanga Michael Collins aliichukua nakala ya shairi hilo katika safari ya chombo cha Gemini 10. Na tarehe 28 Januari 1986, chombo cha Challenger kilipolipuka na watu saba wakafa, Rais Reagan aliwafariji Wamarekani kwa kuyatumia maneno ya kijana yule. Yote hayo yalitoka katika karatasi moja, ambayo mama au baba angeweza kuitupa baada ya kuisoma.

Ndugu wanachama, kutokana na habari hii nataka nitoe mafundisho matatu.

La kwanza ni juu ya wale wafao katika maandalizi. Watu wamezoea kumheshimu aliyekufa mbele ya adui, na kumwonea huruma tu aliyekufa akijifunza, kana kwamba huyo wa pili alikosa bahati ya kufa vizuri. Hesabu zasema vingine. Wanahewa 55,573 wa majeshi ya ndege za mabomu ya Uingereza walikufa katika vita vile, na katika hao zaidi ya 8,000 walikufa katika mafunzo na ajali zisizo za mapigano. Hiyo ni kama mtu mmoja katika kila saba. Kama hao wasingekubali hatari ya kujifunza, hakuna rubani hata mmoja ambaye angefika mbele ya adui. Mjenzi akianguka wakati wa kuchimba msingi, hatusemi kwamba hakuijenga nyumba.

La pili ni juu ya neno ajali. Waswahili husema, ajali haina kinga, nalo ni neno la kumfariji mfiwa. Lakini lisiwe kisingizio cha mkubwa wa kazi. Tukiitazama ajali ile twaona sababu zake. Wilaya ya Lincolnshire ilikuwa imejaa viwanja vya ndege, vya mapigano na vya mafunzo, vyote chini ya mbingu moja. Marubani walikuwa vijana sana, na mafunzo yao yalifupishwa kwa haraka ya vita. Mawingu yaliwafanya wote watafute matundu yale yale na nafasi ile ile iliyo wazi chini yake. Wakuu wa anga walilijua hilo, na tangu Aprili 1941 walikuwa wakitoa jarida dogo la kila mwezi liitwalo Tee Emm, la kuwaonya marubani. Ndani yake mlikuwa na picha za kuchekesha za afisa wa kubuniwa, Prune, ambaye kila mwezi alifanya upumbavu mpya ili wengine wasiufanye. Wapo waliodharau, wakasema vita havipiganwi kwa magazeti ya kuchekesha. Lakini mtu akisoma habari ya kosa la Prune, akakumbuka kutazama chini yake kabla ya kushuka, karatasi ile imefanya kazi ya ngao. Sisi tulio na jarida letu dogo la kupiga chapa kwa mkono tusilidharau.

La tatu ndilo lililonileta hapa. Kuna methali isemayo, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao ndivyo walivyo. Magee twamjua kwa sababu wazazi walihifadhi barua. Griffin twaweza kumtaja usiku huu kwa sababu mtu mmoja, karani wa kikosi asiyejulikana, aliandika jina lake, umri wake na siku yake katika daftari, akaliandika sawasawa. Hapakuwa na shairi. Palikuwa na daftari tu, nalo likatosha kumwokoa asipotee kabisa.

Wako wasiopata hata hilo. Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna neno katika miji yetu ambalo hutamkwa kila siku: Kariakoo ya Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi. Majina hayo yametokana na Kikosi cha Wachukuzi cha vita vya 1914 hata 1918. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walichukua vyakula na risasi vichwani, wakafa kwa njaa, kuhara na homa, wengi wao pasipo kumwona adui. Idara imeacha jina lake sokoni, na wenyewe hawakuacha majina. Ripoti iliyotolewa Aprili 2021 na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita hivyo, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Mara nyingi orodha hazikuandikwa, na zilizoandikwa hazikuhifadhiwa wala kutumika. Baba zetu wakuu walikufa mara mbili: mara ya kwanza njiani, na mara ya pili katika makaratasi.

Kwa hiyo asiwepo mwanachama atakayeiona kazi ya karani kuwa kazi ndogo. Marehemu Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, tangu 1926 hata 1944, naye kwa kalamu ile ile ya ofisini aliishika kazi ya kutunga, hata akatuachia Utenzi wa Vita vya Uhuru, juu ya vita vile vya 1939 hata 1945. Si kila mmoja wetu amejaliwa kutunga utenzi. Lakini kila mmoja wetu aweza kuliandika jina la mtu bila kulikosea, kuweka tarehe iliyo sahihi, na kulifunga jalada mahali ambapo mwenziwe atakayekuja baada ya miaka 50 ataliona.

Kabla ya kuketi naleta shauri mbele ya Chama. Kila tawi na liwe na daftari moja la wanachama waliofariki, na ndani yake yaandikwe majina yao matatu, mahali walipozaliwa, kazi waliyoifanya, na siku waliyofariki. Asiachwe aliyekuwa bado mwanafunzi wa kazi, wala tarishi, wala dereva aliyekufa njiani na mzigo wa Serikali. Tusingoje mpaka mmoja wao aache shairi ndipo tumkumbuke. Katibu wa tawi aanze na wale tunaowakumbuka sasa, maana wazee wanaowajua wa zamani wanapungua kila mwaka.

Vijana wale wawili walikutana kwa nukta moja tu, chini ya mawingu ya Lincolnshire, wala hawakujuana. Mmoja aliipenda anga akaisifu. Wa pili huenda aliipenda vilevile, ila hakupata kutuambia. Mungu awarehemu wote wawili, na wale wapagazi wetu pamoja nao.